Kopo la Nyanya na Kijiko cha Malkia

Mama anahama Tensta, mtaa wetu hapa Uswidi. Hatimaye amekubali kwenda kukaa karibu na dada yangu Zawadi kule Södertälje, na kazi ya kusafisha stoo yake ya chini ya jengo imeniangukia mimi, kwa kuwa sina watoto, na kwa hesabu ya familia yetu asiye na watoto hana shughuli. Jumamosi iliyopita nilikuwa huko chini kati ya masanduku na magodoro, nikavuta begi la kitambaa lililokuwa limesukumwa nyuma ya baiskeli mbovu. Juu yake lilikuwa limekunjwa gauni la kitani, la kijivu, zito. Nililinusa kabla sijajua ninafanya nini. Moshi wa kuni, karafuu, manyoya ya kondoo yaliyoloa. Nikakaa pale pale kwenye saruji, mtu mzima na kitambulisho cha kazi shingoni, nikawa tena mtoto wa miaka minane.

Wenzangu mliokulia mitaa hii mnayakumbuka majira ya joto ya wakati ule. Wengine mlipelekwa kambi za kanisa, wengine mlibaki uwanjani kati ya majengo mkicheza mpira mpaka mama zenu waite kutoka dirishani, kwa sababu jua lilikataa kuzama. Mimi nilipelekwa kwa watu wenye mapanga.

Sitanii. Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee kule Hässelby, na mwenzake jikoni aliitwa Birgitta, mama mnene mpole aliyevaa soksi za sufu hata Julai. Siku za kazi Birgitta alikuwa akiponda viazi kama kila mtu. Mwisho wa wiki aligeuka mtu mwingine. Alikuwa katika kikundi cha watu wazima walioigiza maisha ya zama za kati, zile za ngome na farasi. Walijishonea nguo za kale, wakalala kwenye mahema, wakapigana kwa mapanga na ngao, na walikuwa na mfalme wao na malkia wao. Tena walipika vyakula vya zama hizo kwa kufuata vitabu vikuukuu, na kila kilichochelewa kufika Ulaya kilikuwa marufuku. Birgitta ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko lao. Alikuwa amemwona Mama akigeuza chungu kikubwa bila kumwaga, akamwomba aje kumsaidia kwenye kambi yao ya kiangazi.

"Mnapikia kuni?" Mama alimuuliza. "Kuni kweli?"

Birgitta akasema ndiyo, kuni kweli, na Mama akakubali papo hapo. Alikuwa akilalamika tangu tufike Uswidi kwamba chakula cha umeme hakina roho.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu nyumba yetu, la sivyo hamtanielewa. Mama alikuwa akinunua zile kadi za kupigia simu, na akizungumza na dada zake waliobaki Kivu alijifungia bafuni na kufungulia maji. Alidhani maji yanazuia. Yalizuia nusu. Nusu nyingine ilipita chini ya mlango, nami nilikuwa nimelala kwenye zulia la korido sikio likiwa wazi. Hivyo ndivyo nilivyojua habari za babu, baba yake Mama. Nilijua kwamba watu walikuja na mapanga, kwamba walimwita kwa jina lake mbele ya majirani, kwamba walimwambia apige magoti. Baada ya hapo Mama alifungulia maji zaidi. Mimi nikajitungia kanuni yangu kutokana na vipande hivyo: mtu akiitwa jina mbele za watu na kuambiwa apige magoti, harudi nyumbani. Sikumwambia mtu kanuni hiyo. Hakuna aliyeniuliza.

Tulishuka basi mwisho kabisa wa njia, tukapita msitu wa misonobari, tukatokea kwenye uwanda wa nyasi ulioteremka hadi ziwani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwanamume mwenye kofia ya chuma akipigwa upanga wa ubavu na kuanguka chali. Watu wakapiga makofi. Mkono wa Mama ulinibana hadi vidole vikaniuma, nikadhani amekasirika kwa sababu nimechafua viatu.

"Mama, kwa nini wanapigana?" nilimuuliza kwa Kiswidi, maana wakati ule nilimjibu kila kitu kwa Kiswidi.

"Banacheza," akasema. "Birgitta alisema banacheza."

"Wewe unaamini?"

"Tembea, mutoto. Beba sufuria."

Yule aliyeanguka akanyanyuka, akacheka, akafuta nyasi. Hilo halikunituliza hata kidogo. Niliona kwamba wanajifunza.

Watoto walikuwa na hema lao, na aliyelisimamia alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu. Alitufundisha mchezo. Alitandika picha za vyakula kwenye ngozi ya kondoo, nasi tukachagua vinavyoruhusiwa kambini. Kabichi ndiyo. Kitunguu ndiyo. Kiazi hapana, mahindi hapana, nyanya hapana, maana vilikuja baadaye kwa meli kutoka ng'ambo. Kisha akatuonyesha mbao nene iliyosimamishwa nje ya hema, yenye matundu matatu, moja la shingo na mawili ya mikono. Akasema kwamba anayeingiza nyanya kambini hufungwa humo mpaka mfalme aamue la kumfanya. Watoto wengine walicheka, wakagombania kupigwa picha vichwa vikiwa ndani ya tundu. Kama mtu yule alikuwa akitabasamu, tabasamu lilibaki ndani ya ndevu, na mimi sikuliona.

Nami nilijua kilichokuwamo katika begi la Mama.

Jioni kabla ya safari nilikuwa nimemwona akilifunga. Birgitta alikuwa amemweleza kuhusu nyama ya karamu, kwamba itapikwa kwa vitunguu, siki, lozi, mkate mkavu wa kuufanya mchuzi uwe mzito, na vitu vingine ambavyo sikuvijua. Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Birgitta alipoondoka, Mama akaanza kuongea peke yake.

"Nyama bila tomate? Hiyo ni chakula ya mugonjwa."

Na papo hapo akachukua kopo la nyanya kabatini, lile dogo jekundu, akalizamisha ndani ya begi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yangu hajawahi kupika nyama bila nyanya. Kama mngemfahamu, nanyi mngekata shauri kama mimi.

Kwa hiyo siku zote za kambi nilikaa roho juu. Watoto wengine walichonga panga za mbao na kuogelea. Mimi nilikaa kwenye gogo karibu na jiko nikilinda begi kwa macho, nimevaa gauni lililoshonwa kwa pazia la duka la mitumba, nikiumwa na mbu. Mama alifurahi mno kuona moto. Alipanga mawe yake matatu, akachagua kuni zake za mbetula, ule mti wa kule wenye gome jeupe, akapuliza mpaka macho yakatoka machozi, akaniambia nije ninuse. Alionja mchuzi kama anavyoonja hadi leo, kwa kudondoshea tone kwenye kiganja na kukilamba. Birgitta alimwangalia, naye akaanza kuonja hivyo hivyo, baadaye wapishi wengine wote. Ningefurahi kama nisingekuwa nahesabu ni nani anayekaribia begi.

Siku ya karamu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Walifunga turubai juu ya jiko, moshi ukajaa chini yake, watu wakakohoa na kukimbia, Mama akabaki na chungu. Mchana nikamwona anachukua begi, anaangalia kushoto na kulia, anazunguka nyuma ya hema. Alirudi bila begi. Baada ya muda nikachungulia chunguni. Mchuzi ulikuwa mwekundu.

Basi, nikajua imekwisha. Nilitaka kumwambia Mama tukimbie, lakini alikuwa anaimba wimbo wa kanisani huku anakoroga, na sikumbuki kumwona akiimba nje ya kanisa kabla ya siku ile. Sikuweza kumkatiza. Nilikaa kwenye gogo langu nikaomba mvua izidi, ijaze chungu, rangi ipotee. Mvua ikakatika.

Walikula kwenye meza ndefu uwandani, jua likiwa bado juu ya ziwa. Mfalme na malkia walikaa kwenye viti virefu, na upanga mrefu ulilazwa mapajani mwa mfalme. Yule mwenye ndevu nyekundu alikaa mwisho wa meza yao. Nilimwona anachovya mkate kwenye mchuzi. Nilimwona anatulia. Akachovya tena, akamwinamia malkia, akamnong'oneza, na malkia akageuka kuangalia upande wa jiko.

Kisha mpiga mbiu akasimama, mtu mwenye sauti ya kutisha, akawanyamazisha wote, akaita jina la mama yangu.

Aliliita lote, pamoja na jina la ukoo, lile lililotamkwa na daktari na watu wa ofisini tu. Nyuso zote zikageuka. Birgitta akamshika Mama mkono na kumtoa jikoni, na Birgitta alikuwa analia. Machozi yalimteremka mashavuni bila kujificha. Nikasema moyoni, hata yeye anajua, hata yeye ameshindwa kumtetea. Mama alikwenda akiwa bado ameshika upawa. Watu wakampisha kimya kimya. Mbele ya mfalme kulikuwa na mto mdogo mwekundu umewekwa kwenye nyasi, na nilipouona mto ule nikaelewa ni wa nini.

"Piga magoti, Espérance," Birgitta akamnong'oneza. "Kidogo tu."

Sikumbuki kuondoka kwenye gogo. Nakumbuka nyasi zilizoloa, na ukingo wa meza ulionigonga bega, na sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele kwa Kiswidi:

"Hakuweka nyanya! Mama hakuweka nyanya!"

Walicheka. Watu wazima kwa watoto, meza nzima, walicheka mpaka wengine wakapiga meza kwa viganja. Nimekutana na dharau nyingi katika nchi hii na nimezimeza, lakini kicheko kile, ambacho naamini sasa kilikuwa cha upendo, sikukisamehe kwa miaka. Nilimfikia Mama, nikamkumbatia miguu kupitia gauni. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nilidhani ni baridi ya mvua, nikaikaza mikono nimpashe joto.

Mama hakupiga magoti. Kicheko kikaisha, yeye bado amesimama.

"Mimi napigia magoti Mungu tu," akasema kwa Kiswidi chake, taratibu, na sauti haikutikisika.

Mfalme akaangalia huku na huko. Ni wazi kwamba hakuwa amefundishwa la kufanya hapo. Malkia ndiye aliyeinuka. Siku za kazi alikuwa dereva wa basi, nilikuja kumwona baadaye mara nyingi katika sare yake kituo cha Spånga, lakini siku ile alikuwa na taji na vazi jekundu linaloburuta. Aliushika upanga uliokuwa mapajani mwa mfalme, akaulaza kwenye nyasi nyuma ya viti. Akateremka mpaka mbele ya Mama. Shingoni mwake mwenyewe alivua kamba nyekundu yenye kijiko kidogo cha mti.

"Kila mwaka tunawaita wapiganaji hapa na kuwapa alama za heshima," alisema, na hakusema kwa sauti ya kimalkia. "Waliotulisha hatukuwahi kuwaita. Birgitta ametusumbua kwa jambo hili miaka mingi, na tulipomwambia basi, tutamwita yeye, akasema mwiteni Espérance kwanza. Tumechelewa. Asante kwa chakula."

Akamvalisha. Ilibidi anyanyuke kwenye vidole vya miguu, kwa sababu Mama ni mrefu na hakuinama hata kichwa. Watu wote wakasimama, benchi zikaanguka, Birgitta akawa analia kwa kwikwi. Mama alinishika mkono, akanirudisha jikoni, akamwaga maji juu ya moto. Mimi niliendelea kusubiri upanga. Nilisubiri wakati wanaosha vyombo, nilisubiri njiani kurudi, ndani ya basi, ndani ya treni. Mama alipofungua mlango wetu wa Tensta na kuwasha taa ndipo nilipoanza kulia, naye hakuelewa kwa nini, akanipa uji.

Alirudi kambini kila kiangazi baada ya hapo. Kila kiangazi nami nilishikwa na tumbo wiki hiyo hiyo, nikaachwa kwa Zawadi. Kwa muda mrefu nilimkasirikia. Nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayesikia yale yanayosemwa bafuni, kisha anakwenda kwa hiari yake kupika katikati ya mapanga. Nikajijibu kwamba yeye haogopi. Nikakua nikiamini kwamba uoga wa familia yetu wote nimeurithi mimi.

Basi Jumamosi, kwenye saruji, nikafungua begi. Ndani kulikuwa na kiberiti kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Chumvi. Sweta langu la sufu la miaka minane, na raba zangu za wakati huo, kamba zake zimelegezwa tayari kuvaliwa. Chini kabisa kulikuwa na kopo jekundu, limefura, limeshika kutu pembeni. Halijafunguliwa. Nililigeuza mara kadhaa kutafuta tundu. Mbele ya mfalme nilikuwa nimesema kweli, na ni mimi peke yangu ambaye sikujua.

Mama akashuka ngazi kwa mwendo wake wa siku hizi, mkono ukutani, kuja kuangalia kama navunja vitu vyake. Nikamwonyesha kopo.

"Hukulifungua."

"Ningelifungua juu ya nini? Birgitta alikataza."

"Mchuzi ulikuwa mwekundu, Mama. Nimeuona kwa macho yangu."

"Cheri," akasema. "Cheri na divai. Iliandikwa katika kitabu yao." Akakaa kwenye sanduku, akapumua. "Ndiyo juu ya ile ulikuwa unalia tomate, tomate? Nilikuuliza, sikupata jibu."

"Nilikuona unazunguka nyuma ya hema na begi."

"Nilikuwa naisogeza karibu na njia."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alikoweka funguo. Nikaangalia tena sweta, raba, kiberiti, chumvi, chakula kidogo kisichooza. Nikayaona kwa mpangilio mwingine, na nikaona aibu kwa kuchukua muda mrefu hivyo.

"Uliogopa," nikasema.

"Bale batu na mapanga yabo?" Akanitazama kama anayeshangaa nimesomea nini. "Birgitta alisema banacheza. Hata kwetu kulikuwa na mwenye alisema banacheza tu, batapita. Nilikufa na woga kila siku."

"Sasa kwa nini ulikwenda?"

"Juu ya kuni. Na Birgitta aliniomba miye, hakuomba mwengine." Alichukua sweta mkononi mwangu, akalikunjua, akalipima begani kwangu, halikufika hata kwapani. "Mungu anisamehe. Nilimsingizia Yeye pale. Miye hata kwa kusugua sakafu napiga magoti, weye unajua. Lakini baba walimwita, wakamwambia apige magoti, akapiga, akisema labda batamwachilia. Kwa hiyo miye nikasema, wakiniita, nitasimama."

Juu yetu mtu alikuwa anaburuta kiti katika jengo ambalo kesho kutwa halitakuwa letu. Nilimuuliza kijiko kiko wapi, akasema kiko jikoni, anapimia chumvi. Kisha nikamuuliza kama alilibeba begi lile kila kiangazi.

"Kila mwaka. Naibeba, naiweka karibu na njia, kisha naenda kupika." Alikuwa anakunja sweta, mkono mmoja baada ya mwingine. "Halafu mwaka moja nilikuwa nakata kitunguu, nikageuka kuangalia sakosi, hii begi, haiko. Niliisahau hapa chini, nyuma ya kinga, hii baiskeli. Nilisimama kidogo, nikaangalia njia. Kisha nikarudi kwa chungu, sababu vitunguu vilikuwa vinaanza kuungua."